Mheshimiwa Atatupa Ardhi

Wiki iliyopita fundi alivunja sakafu ya chumba alichokuwa akilala mama. Saruji ilikuwa imepasuka tangu masika, lakini mama, Mungu amrehemu, hakutaka mtu aiguse maadamu yu hai. Alisema kelele za nyundo zitamwamsha mwenye ardhi. Ulikuwa mzaha wake wa miaka na miaka, na aliyekuwa akitaniwa ni mimi. Sasa ameshatutoka, arobaini yake imepita, nami nikaona sina sababu ya kuendelea kujikwaa. Fundi akapiga, vipande vikainuka, na ikapanda harufu ya mchanga uliofungiwa gizani, harufu ya mtungi mkavu uliotiwa maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikakaa hapo hapo kizingitini.

Fundi mwenyewe ni kijana wa kutoka bara, mwenye adabu zake. Akaniuliza kama hapa ni petu ama twakodi. Nikamwambia nyumba ni yetu. Akauliza, na ardhi je? Nikamwambia apige nyundo, jua linapanda.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Likoni, Kisauni au Changamwe hamhitaji kuelezwa. Lakini huenda wana wenu wamezaliwa kwenye maghorofa na hawajui. Huku kwetu mtu aweza kumiliki kuta, paa, milango na madirisha, na asimiliki mchanga ulio chini yake. Unajenga, unamlipa mwenye ardhi kwa mahali pa kusimamishia kuta zako, na siku akipataka mahali pake, wewe utajijua pa kuzipeleka. Hiyo ndiyo nyumba bila ardhi. Watu wazima hulitamka neno hilo kama wanavyosema chai bila sukari. Mimi nililisikia wakati meno yangu ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, nikalichukua kama lilivyo.

Nyumba yetu haina ardhi. Basi imesimama juu ya nini? Swali hilo lilinikosesha raha. Nilimtazama mama akipika, baba akishona, wote wametulia tuli, nikajiambia kwamba labda wameshazoea kukaa hewani. Siku moja nikachukua kijiko, nikaingia chini ya kitanda ambako saruji ilikuwa nyembamba, nikachimba. Nikapata mchanga. Nikaona huu ni wa juu juu tu, umewekwa kama jamvi ili watu wasiogope. Mama alinikuta nimejaa vumbi hadi kwenye kope, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta ardhi. Alicheka mpaka akakaa kitako. Alipomaliza kucheka akanizaba kofi la sakafu yake, kisha akanikumbatia.

Tangu siku hiyo nikawa nachekwa. Nikikimbia uani naambiwa nitamwamsha mwenye ardhi. Na kwa kuwa mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona, ila karani wake tu aliyekuja kila mwezi na mwavuli wake mweusi, mimi nilishaamua anaishi huko huko chini, na ndiye anayetubeba. Nilimhurumia. Wenzangu wakiruka kamba kwa vishindo, mimi niliruka kwa ncha za vidole.

Kisha karani akaja bila mwavuli. Alikuja na vijana wawili na debe la rangi nyekundu, wakatupiga alama ukutani, mistari miwili iliyokatana. Wakaendelea hivyo nyumba hadi nyumba, mtaa wetu wote wa Bofu, huku Likoni, kutoka msikitini mpaka kisimani. Alama ile niliijua. Mwalimu wetu wa hesabu aliipiga kwenye daftari la mtoto aliyekosa. Nikasimama mbele ya nyumba yetu kwa uchungu mkubwa, nikitaka kujua imekosa nini. Karani alisema ardhi imeuzwa, na bwana mpya anaitaka iwe tupu kabla ya Ramadhani.

Mama alingoja waondoke, akatoa chokaa iliyobaki ya Idi, akapaka juu ya alama. Asubuhi wekundu ukachomoza kwa chini, ukuta ukawa kama shavu la mtu aliyeona haya. Akapaka tena. Kila siku baada ya kufagia alipaka, na baba alipomwambia chokaa haizuii tingatinga, alisema anajua, lakini yeye hawezi kuamka na kutazama matusi.

Katika siku hizo ndipo lilipotufikia lile neno. Alilileta Bi Mwanahamisi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mpishi wa arusi na matanga, mwanamke ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Alisimama mlangoni, mikono yote miwili kiunoni.

"Mama Mishi, umesikia? Mheshimiwa yuwaja. Atatupa ardhi."

Basi hapo msinicheke. Mwenye makosa ni Kiswahili chetu, si mimi. Kwa mtu mzima mwenye alama nyekundu ukutani, neno lile lilikuwa ni la kupewa. Mimi kila jioni nilitumwa jaani kutupa taka, na kutupa nilikojua ni huko. Nikamwona Mheshimiwa amesimama juu ya kitu kirefu, anachota ardhi kwa mikono miwili na kuwatupia watu, kama peremende za arusini, mwepesi akidaka na mzito akiambulia vumbi. Nilifurahi usiku kucha. Sisi tusiokuwa na ardhi kabisa tungehitaji nyingi, na baba alikuwa mzito. Nikatafuta kopo la samli lililokwisha, nikaliosha kwa majivu, nikalificha.

Lazima niwaeleze habari za baba. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa sauti ndogo. Akidhulumiwa alisema Mungu yupo, na akisifiwa alisema Mungu yupo vilevile. Wazee wa mtaa walikaa msikitini baada ya sala ya alasiri, wakachagua watu wachache wa kwenda kumwona Mheshimiwa kwenye mkutano wake wa kuomba kura, naye akiwemo kwa ajili ya upole wake. Wakapitisha pia kwamba wanawake wabaki majumbani. Alituletea habari hizo tukiwa tunakula.

"Siasa ina fujo, Mama Mishi," alisema. "Hurushwa mawe. Wewe hwendi."

"Na nyinyi mwenda kufanya nini?"

Baba akasema watakaa karibu naye, na nafasi ikipatikana watamweleza.

"Isipopatikana?"

"Tutarudi."

"Mutarudi wapi?" mama akauliza.

Baba alitafuna muda mrefu kipande cha muhogo ambacho hakikuhitaji kutafunwa hivyo. Mwishowe akarudia kwamba yeye ameshasema, mke wake hatakwenda kusukumana na wahuni. Mama akasema haya. Haya ya mama yangu ilikuwa na maana nyingi, na kukubali haikuwa mojawapo.

Siku yenyewe baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akatoka na wenzake. Mama alimngoja apotee kwenye kona. Kisha akavaa buibui, akafunga mlango, akanishika mkono, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Hakuniambia twaenda wapi wala sikuuliza. Nilikuwa nimebana kopo langu chini ya kwapa, ndani ya kijitandio, nikitembea kama mgonjwa wa mbavu. Tulipofika barabarani likanichomoka, likaanguka kwa kelele.

Mama akauliza kopo la nini. Nikamwambia ni la kutilia. La kutilia nini? La kutilia atakachotupa, nikasema. Alikunja uso, kwa kuwa ilijulikana mtaa mzima kwamba kutapikwa pilau. Akanieleza pale pale njiani, kwa ukali wa watu wenye heshima zao, kwamba sisi si wa kwenda na vyombo kwenye chakula cha watu, na kwamba kopo lile nilitupe.

Mimi nilikuwa mtoto wa abee. Nikiitwa niliitika kabla jina langu halijaisha. Lakini siku ile nilisema, "Silitupi."

Alinitazama. Nadhani alikuwa karibu kunizaba kofi, kisha akakumbuka yeye mwenyewe saa ile ametoka wapi na bila idhini ya nani. Akafuta uso kwa ncha ya buibui, tukaendelea na safari.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Langoni palikuwa na vijana waliovaa fulana zenye picha ya Mheshimiwa, wakigawa leso kwa wanawake. Picha yake ilikuwa humo pia, kubwa, inacheka. Wanawake walipanga foleni, wakavalishwa, wakaonyeshwa pa kukaa na nyimbo za kuimba. Zamu yetu ilipofika mama aliikunjua leso, akaipima kiunoni, akageuza shingo kuangalia ile picha itaangukia wapi. Iliangukia pale pale mlipofikiria.

"Uso wa mtu mzima nikaukalie?" aliuliza. Wanawake wa nyuma yetu wakaangua kicheko. Mama akairudisha leso imekunjwa vizuri, akasema yeye hakuja kuvishwa, amekuja kuuliza jambo.

Kijana akamjibu kwa Kiswahili cha huko kwao. "Mathe, hapa hakuna maswali. Ni kuvaa na kuingia. Hutaki, toka kwa laini."

Mama akamwambia kwamba yeye si mathe wake. Kijana akavuta kamba mbele yetu. Tukasimama jua la utosi, watu wakipita kushoto na kulia, kila mmoja na uso wa Mheshimiwa makalioni, na mimi nikilia kimyakimya, kwa sababu nilisikia vipaza sauti vikijaribiwa na nikajua wataanza kutupa ardhi sisi tukiwa nje. Mama alidhani nalia kiu. Aliniambia neno ambalo nimeliweka mpaka leo, na sikumbuki kama alinitazama alipolisema: mlango uliofungwa na mtu una mwenzake ambao amesahau kuufunga.

Mwenzake tuliupata kwa pua. Nyuma ya madarasa palikuwa panafuka moshi wenye harufu ya bizari na vitunguu vya kukaangwa, na mpishi wa moshi ule hakuweza kuwa mwingine. Tukazunguka ua wa michongoma, tukatokea jikoni. Bi Mwanahamisi alikuwa katikati ya masufuria yake makubwa ya arusi, jasho linamtiririka, anagombana na kuni. Alipotuona alishika kifua.

"Mama Mishi, utanivundia kazi, wallahi."

Mama alishaokota upawa. Akasema amekuja kumsaidia jirani yake, au kusaidiana nako kumepigwa marufuku? Bi Mwanahamisi alitazama huku na huku. Naye alikuwa na alama ukutani kwake. Akamsogezea sufuria la wali.

Basi hotuba ile niliyoingoja kwa siku zote hizo niliisikilizia mgongoni. Jukwaa lilikuwa limetupa kisogo, na vipaza sauti vilielekea uwanjani, sisi tukipata mwangwi na vumbi. Nilisimama nyuma ya jukwaa nimeinua kopo kwa mikono miwili, uso juu, nikingoja. Mikono ikaniuma. Mheshimiwa alizungumza habari za barabara, habari za vijana, habari za amani. Alisema Pwani ni mama yake wa pili. Kila mara mtu mmoja alipaza sauti kutoka huko kwenye umati, ardhi, ardhi, na kila mara Mheshimiwa alicheka kwenye kipaza sauti na kusema subira huvuta heri. Watu wakapiga makofi. Nikasikia mama nyuma yangu akigonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, kwa nguvu kuliko wali unavyohitaji. Kisha ikapigwa ngoma, wakaimba, ikaisha. Haikutupwa hata chembe.

Wakubwa waliingizwa kwenye darasa lililotandikwa majamvi, wakae chini wale. Hapo Bi Mwanahamisi akapata msiba wake. Kwa desturi vijana wa kiume ndio wanaowanawisha wageni mikono, lakini vijana wote walikuwa nje wanagombania fulana zilizobaki. Wageni wamekaa, masinia yamefunikwa, na hakuna wa kushika birika. Mama hakungoja aombwe. Akajaza birika, akachukua na bakuli la kunawia. Sabuni ilikosa pa kuwekwa, akaitia kwenye kopo langu. Ndivyo kopo la samli lilivyoingia mbele ya Mheshimiwa likiwa na kazi halali.

Tulipofika mlangoni nilimwona baba. Alikuwa amekaa na wazee wenzake mwisho wa jamvi, karibu na ukuta, kanzu safi, magoti pamoja. Alitukazia macho, kisha akayainamisha. Nilidhani tukirudi tutapigwa sote wawili.

Mheshimiwa alikuwa mnene na mchangamfu, na alinukia marashi. Alinyoosha mikono. Mama akammiminia maji kidogo, mimi nikasogeza kopo, akatoa sabuni, akajisugua vizuri kwa furaha ya mtu aliyesikia harufu ya pilau, povu likampanda hadi kwenye mkanda wa saa. Akanyoosha mikono tena apate maji ya kusuuza. Mama akaliinua birika, akalishikilia kifuani.

Fikirieni wenyewe. Mtu mwenye povu mikononi hawezi kula. Hawezi kushika mkono wa mtu, hawezi kumwonyesha mtu kidole, hawezi hata kujikuna. Hawezi kuondoka. Mama yangu hakupata kumfunga mtu kamba maishani mwake, lakini siku ile alimfunga mkubwa wa nchi kwa kipande cha sabuni.

"Mheshimiwa," alisema, kwa sauti ile ile ya kumwuliza mgeni kama wali umemtosha. "Nyumba zetu za Bofu zimetiwa alama zivundwe. Watu walituambia utatupa ardhi. Nimeisikiliza hotuba yako mwanzo hata mwisho, na hilo sikulisikia. Nataka kuyua, limenipita au hukulisema?"

Mheshimiwa akatabasamu. Akasema kuna mipango mizuri sana kwa wananchi wa Likoni, mama asiwe na wasiwasi, na hebu amsaidie maji.

"Maji yapo," mama akasema, wala hakulisogeza birika.

Msaidizi mmoja alianza kuinuka. Mheshimiwa akamzuia kwa jicho, maana alikuwa mjanja, hakutaka kuonekana anavutana na mwanamke mbele ya wazee. Akatafuta jambo la kulegeza mambo, macho yake yakaniangukia mimi na kopo langu. Akasema, maskini, mtoto apewe kitu. Msaidizi akatoa noti, akaitumbukiza. Nikachungulia. Ilikuwa karatasi, imenata kwenye utelezi wa sabuni. Nikaona huyu baba mkubwa hajaelewa, na kwamba nisipomweleza tutarudi nyumbani mikono mitupu.

"Si hiyo," nikasema. "Mimi nangoja ardhi. Wamesema utaitupa."

Kisha mmoja akaelewa, akacheka, wakacheka wote, na Mheshimiwa akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyepata pa kutokea, mabega yakimtikisika na povu likidondoka jamvini. "Mwanangu," akaniambia, "ardhi ni mali. Haitupwi."

Mama hakuwa amecheka. "Kama haitupwi, Mheshimiwa, basi tupe."

Sikuielewa sentensi ile mpaka nilipokuwa msichana mkubwa. Siku ile niliona tu kwamba vicheko vimekatika. Mzee mmoja alikohoa. Mheshimiwa alimtazama mama kwa mara ya kwanza tangu aingie, namna unavyomtazama mtu na si birika. Akasema inshallah.

"Inshallah ni ya Mungu," mama akamwambia. "Mimi nakuuliza wewe."

Basi hapo subira iliyovuta heri ikaisha. Msaidizi alimpokonya mama birika na kulimimina mwenyewe, maji yakamwagikia kanzu za watu, na mwingine akamshika mama kiwiko. Mama alikitoa kiwiko chake mikononi mwake, akasema mlango anaujua. Akaingiza vidole kwenye kopo, akaitoa ile noti, akaiweka jamvini mbele ya magoti ya mwenyewe. Akasema mtoto wake hakuja kuomba pesa. Tukatoka.

Tulikuwa tumefika kwenye masufuria nilipogeuka nikamwona baba amesimama katikati ya darasa. Mzee mwenzake alikuwa amemshika upindo wa kanzu, akimvuta akae, chakula ndiyo kwanza kinafunuliwa. Baba yangu, mtu wa sauti ndogo, alisema kwa sauti iliyotufikia mpaka jikoni, "Mke wangu ametolewa nje. Nikae nile?"

Akatoka na njaa yake. Wengine walibaki wakala, siwalaumu, pilau ya Bi Mwanahamisi haikuwa ya kuachwa ovyo. Kopo nililisahau hapo kwenye kuni, na sijui aliyeliokota ni nani.

Njiani tulitembea baba mbele, sisi nyuma, mpaka akapunguza mwendo tukawa sambamba. Hakugomba. Aliniuliza tu ile ardhi ningeifanyia nini. Nikamwambia ningeitia chini ya nyumba ili tuwe nayo. Akaanza kunieleza taratibu, kama anavyoeleza vipimo kwa mteja, kwamba kutupa kuna maana mbili, na watu walikusudia ile nyingine. Mama akamwambia amwache mtoto. "Hakukosea sana," alisema. "Wametutupa kweli."

Baba akasema, "Hawajatuokota wao, watatutupaje?" Sijapata kumsikia akisema neno kali kuliko hilo.

Tingatinga lilikuja asubuhi moja kabla ya mwezi kuandama. Lilianza upande wa barabara, na nyumba za huko mwisho zililala chini kabla ya watu kumaliza kutoa magodoro. Sitasahau kilio cha mabati. Lilipogeuka kuja kwetu, mama alikuwa amewasha jiko ndani na mlango wazi, anakaanga mahamri kama siku yoyote. Bi Mwanahamisi alikuwa amepanga masufuria yake yote mbele ya ukuta wake na kukaa juu ya kubwa lao. Alikuwa ameshapoteza kazi za wakubwa, hakualikwa tena kupika mkutano wowote, na alisema sasa ana nafasi tele ya kukaa.

Na baba akatoa cherehani. Aliibeba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akaiweka mchangani mbele ya ile alama iliyokuwa ikichungulia kwenye chokaa. Akaleta kiti. Akatia uzi kwenye tundu la sindano, akaanza kushona sare ya shule ya mtoto wa jirani. Dereva wa tingatinga akampigia kelele aondoke. Baba akamwambia ana kazi ya watu, lazima imalizike kwanza. Askari akaja akamwambia hilo hilo kwa ukali zaidi, naye akajibiwa hivyo hivyo, kwa heshima, bila kuinua uso. Majirani walipoona hivyo wakaanza kutoa viti vyao. Mmoja alitoa kinu akatwanga. Hakuna aliyetupa jiwe. Watu walikaa tu mbele ya nyumba zao wakifanya kazi zao, njia nzima kutoka kisimani mpaka msikitini, nami nikakaa mchangani miguuni pa baba, nikiokota vitambaa vilivyoanguka. Jua lilipokuwa kali dereva alizima mashine. Nilimsikia akimwambia askari kwamba yeye ameajiriwa kuvunja nyumba, si watu.

Hakuna aliyetueleza kwa nini hawakurudi kesho yake. Waliobomolewa walijenga tena, makuti kwanza, mabati baadaye, pale pale. Bwana mpya aliuza kwa bwana mwingine, na huyo naye ana karani wake.

Waheshimiwa nao hawajaacha kuja. Kila wakitaka kura hukumbuka ardhi yetu, na kila walipokuja mama alikwenda, hata miguu ilipovimba alikwenda kwa fimbo. Alikaa mbele na kuuliza swali lake moja, mpaka walinzi wakawa wanaagizana wakimwona yule bibi wa Bofu wampe kiti nyuma. Hakukubali kiti cha nyuma.

Jana gari la matangazo lilipita hapa tena. Jumamosi inshallah nitakwenda mimi. Sitavaa uso wa mtu, na nitakaa mbele. Wakiniuliza nimetoka wapi nitawaambia natoka Bofu, nyumba ile ile. Hatujapewa, wala hatujatoka.